Mazishi ya Adabu ya Mzee Kadushi

Nchi ya Tandabelua, kama mnavyojua vizuri nyinyi mnaojifanya hamjui, ilipata amani siku ya Jumanne, saa nne na robo asubuhi. Amani hiyo ilipatikana katika hoteli moja ya nchi ya baridi, ghorofa ya saba, baada ya wakuu wa pande mbili zilizokuwa zikiuana kula pamoja samaki asiye na miba na kushikana mikono mbele ya kamera. Wananchi wenyewe walipata habari Alhamisi. Jumatano redio ya taifa haikuwa na nafasi, ilikuwa ikisoma salamu za pongezi kwa Rais.

Baada ya amani wakaja Walezi. Jina lao kamili lilikuwa Ujumbe wa Mataifa Rafiki wa Kulea Amani na Kukuza Demokrasia, lakini jina hilo lilimaliza pumzi za wazee, basi watu wakachukua neno moja na kuwarudishia mengine. Walikuja na magari meupe, mahema meupe, vipaza sauti, marobota ya fomu, na kontena moja la baridi la kutunzia maji na soda. Walikuwa watu wema, na hilo naomba lieleweke tangu mwanzo. Hapakuwa na hata mmoja aliyemtakia mtu mabaya, na pengine ndiyo maana ilikuwa vigumu sana kuwazuia.

Kambi yao kubwa waliipiga Nyasubi, mahali ambapo mlima unakutana na bonde. Juu wanaishi Wamlimani, chini wanaishi Wabondeni, na vita ya miaka sita ilikuwa imepita katikati yao. Walezi walihitaji karani, mtu mwenye mwandiko mzuri na asiyependelea upande. Wakampata Nkwimba binti Kadushi, mwanamke wa Mlimani wa miaka thelathini na minne, aliyekuwa akifundisha darasa la tatu kabla shule haijachomwa. Wakampa kofia ya buluu, kiti cha kukunja na daftari kubwa lililoandikwa juu yake MATUKIO YA UHASAMA.

Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi. Kila neno la uhasama ambalo mtu wa upande mmoja angemtamkia mtu wa upande mwingine, Nkwimba aliandike: nani kasema, kamwambia nani, maneno yenyewe, na madhara. Nkwimba ni mtu wa kufuata maagizo. Mwezi wa kwanza aliandika matukio mia nne na kumi na mawili.

Ukurasa mmoja ulisomeka hivi. Mbondeni, mwanamume, sokoni, amemwambia Mmlimani: mbuzi wenu hukohoa kuliko bibi zenu. Mmlimani, mwanamke, kisimani, amemwambia Mbondeni: nyinyi mnaoga na vyura, na vyura ndio hutoka wachafu. Mbondeni, mzee, njiani, amemwambia Mmlimani, mzee: umeota mvi mpaka puani na bado hujapata akili. Katika safu ya madhara Nkwimba aliandika "hakuna" mara mia nne na kumi na mbili.

Lakini ni nani husoma safu ya mwisho?

Mtasema, huyu Nkwimba si anajua kwamba Wamlimani na Wabondeni ni watani tangu enzi za mababu, na kwamba mtani kumtukana mtani ni salamu? Anajua sana. Hata alimwendea mkuu wa Walezi, Balozi Anselmund, akamweleza kwamba watu hawa walikuwa wakicheka, ila fomu haina safu ya kicheko. Balozi alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye macho ya huruma. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamjibu kwamba fomu ile imekwisha kujaribiwa katika nchi kumi na moja na haijawahi kushindwa. Kuhusu kicheko alisema kinajulikana kitaalamu: watu walioumizwa sana na vita hucheka ovyo. Akamtazama Nkwimba, ambaye naye alikuwa ameanza kucheka, akampigapiga begani kwa masikitiko.

Ndani ya hema la Balozi palikuwa na ramani ya Tandabelua iliyopakwa rangi. Kijani ni amani, njano ni matumaini, nyekundu ni hatari. Nyasubi ilikuwa nyekundu tupu, nyekundu kuliko sehemu zote za nchi. Mji mkuu ulikuwa kijani kibichi, kwa kuwa huko mawaziri walikuwa wakiandikiana barua za heshima na kutumiana maua, kila mmoja akilala na walinzi wake arobaini mlangoni.

* * *

Mzee Kadushi, baba yake Nkwimba, alifariki Jumapili alfajiri, kwa kifua kilichokuwa kikimsumbua tangu masika. Zahanati ya karibu ilikuwa mwendo wa siku mbili. Hakufa ghafla. Alipata muda wa kumwambia binti yake lililokuwa moyoni.

"Nikifa, muite yule mjinga wa bondeni," alisema. "Yeye na wenzake ndio wanizike. Mtu mwenye adabu asiniguse."

Yule mjinga wa bondeni alikuwa Mzee Shitungulu, mtani wake wa miaka hamsini. Nkwimba alimpelekea habari kabla jua halijapanda. Saa tatu Shitungulu alikuwa amefika, na nyuma yake Wabondeni kumi na mmoja, kila mmoja na jembe begani, maana kwa desturi ya huko kaburi huchimbwa na watani, na mfiwa haruhusiwi kushika hata kijiko. Walianza kupiga kelele wakiwa bado hawajauona ua.

"Kadushi! Umekufa kweli, au umeona zamu ya kupalilia imefika?"

"Amekufa kwa uvivu huyu! Ameona hata kupumua ni kazi!"

"Mmemvisha sanda mpya ya nini? Shati lake moja lile tulilijua kuliko jina lake!"

Shitungulu aliingia ndani, akatoka amevaa koti la marehemu, akaanza kutembea kwa kuchechemea na kujikuna mgongo kama Kadushi mwenyewe, mpaka wanawake waliokuwa wakilia wakawa hawajui tena machozi yale ni ya nini. Nkwimba alikuwa amekaa kwenye mkeka. Alipomwona baba yake akitembea tena uani, amejikuna palepale alipozoea kujikuna, alicheka kwa sauti, kisha akalia kilio alichoshindwa kulia tangu asubuhi. Alijisikia mwepesi. Alifikiri, sasa anaweza kuzikwa.

Hapo ndipo gari jeupe lilipoingia.

Jiwekeni mahali pa Balozi Anselmund. Ameshuka garini, na mbele yake wako wanaume kumi na wawili wa upande wa pili, wana majembe, wameizingira nyumba ya mfiwa, wanamtukana maiti, na mmoja wao amekwisha kupora koti. Balozi alipauka. Akanyanyua mikono, akasimama kati ya Shitungulu na nyumba, bila silaha na bila kuogopa, akasema kwa Kiswahili chake alichojifunza kwa wiki tatu: "Tafadhali, waungwana. Marehemu huyu sasa yuko chini ya ulinzi wetu."

Nkwimba aliinuka mkekani akaeleza. Alieleza utani ni nini, ulianza lini, na kwa nini baba yake mwenyewe aliuagiza.

"Makubaliano hayo yalisainiwa wapi?" Balozi aliuliza kwa upole.

"Hayakusainiwa, Mheshimiwa. Tumezaliwa tukayakuta."

"Basi kisheria hayapo," alisema Balozi, na aliumia kweli kulisema.

Mwili wa Mzee Kadushi ukabebwa kwa heshima zote, ukapelekwa kambini, ukalazwa katika lile kontena la baridi, kati ya makreti ya soda na maji ya chupa. Mlinzi mwenye kofia ya buluu akawekwa mlangoni. Mafuta ya jenereta, Nkwimba aliambiwa, yangefika hadi Ijumaa jioni.

* * *

Jumatatu ikaundwa kamati. Kamati iligundua kwamba tatizo la kwanza ni la kidemokrasia: wachimba kaburi hawakuchaguliwa na mtu. Kikaletwa kisanduku cha kura, wino wa vidole na waangalizi wawili kwa ndege. Watu mia tatu na kumi na wawili walipiga kura, na watani walipata kura mia tatu na kumi na mbili.

Balozi alishtuka. Ushindi wa asilimia mia ni dalili mbaya popote duniani. Hata Rais mwenyewe, uchaguzi uliopita, alichukua asilimia tisini na tisa tu, na mataifa yakamsifu kwa kuwaachia wengine ile moja. Uchaguzi ukarudiwa Jumanne, safari hii na mgombea wa upinzani, mzee mmoja wa Mlimani mwenye mgongo mbovu ambaye hakuwahi kushika jembe kwa miaka ishirini. Alipata kura arobaini, zote za huruma. Balozi alitangaza kwamba ushindani ulikuwa wa kweli, na watani wakakabidhiwa vyeti vya ushindi.

Jumatano na Alhamisi ikafuata warsha. Iliendeshwa na Daktari Bulemela kutoka mji mkuu, bingwa wa majonzi, aliyewafundisha watani namna bora ya kuomboleza. Waligawiwa kalamu na fulana. Waliambiwa wageukiane, watazamane machoni, waseme: "Ninayatambua maumivu yako."

Mzee Shitungulu aliyasema mara tatu. Mara ya tatu alimgeukia Nkwimba, aliyekuwa pembeni akiandika kumbukumbu, akanong'ona: "Binti Kadushi, mdomo wangu umekuwa mchungu. Hawa watu wanatupeleka wapi?"

"Vumilia, mzee," alijibu Nkwimba.

Alikuwa na sababu ya kumwambia hivyo. Asubuhi ile Balozi alimwita hemani akamwonyesha ramani. Mazishi yakipita bila tusi hata moja, alisema, Nyasubi itapakwa njano, na sehemu ya njano hustahili kujengewa zahanati. Nyekundu haijengewi kitu cha kudumu, kwa sababu kinaweza kuungua. Kwa hiyo watani watazika, sawa, lakini kwa Kanuni za Mazishi Shirikishi: hotuba moja tu, iliyoandikwa na Daktari Bulemela, itakayosomwa na Mzee Shitungulu kwa niaba ya Wabondeni. Na Nkwimba, kama mtumishi wa Ujumbe, atasimamia.

Nkwimba alikubali. Angefanyaje? Alikuwa amemshika baba yake mkono wiki tatu akisikia kifua kinavyokoroma, na dawa iko mwendo wa siku mbili. Aliwaza watoto wangapi wa juu na wa chini wangepona kwa zahanati moja, na adabu ya nusu saa haikuonekana kuwa bei kubwa. Hata wazee wa pande zote mbili walimwambia, kubali mwanangu, marehemu ataelewa.

Ila jioni, alipokwenda kukaa kidogo karibu na kontena, alimkumbuka kaka yake.

Lubango aliuawa mwaka wa pili wa vita. Hakuna mtani aliyekuja kumzika, maana watani ndio waliokuwa wakipigana. Wamlimani walimzika wenyewe, kimya, kwa maneno mazuri, kisha kila mtu akarudi nyumbani kwake kama aliyetoka ofisini. Mama yao hakulia siku ile wala siku nyingine, na mwaka haukuisha naye akamfuata mwanawe. Watu walisema ni malaria. Nkwimba hakuwahi kuamini.

Na vita yenyewe ilianzaje? Hili Walezi hawakuliuliza, kwa hiyo halimo katika ripoti yoyote. Ilianza mwaka ule wanasiasa walipokuja kwa helikopta na kuwaambia watu kwamba kutaniana ni ushamba, haufai kwa taifa linaloendelea. Watu wakaona haya. Mmlimani akikutana na Mbondeni sokoni akawa anamwita "mheshimiwa jirani." Mbondeni akawa anajibu "ahsante sana, ndugu yetu mpendwa." Hakuna aliyemtania mwenzake, hakuna aliyemchungulia mwenzake sufuriani. Heshima ikazidi mpaka watu wakaanza kufunga milango. Miezi mitatu ya adabu, kisha soko likaungua.

Na ilikwishaje? Si kwenye ghorofa ya saba. Ilikwisha miezi kumi na minne kabla ya ile Jumanne ya amani, siku Shitungulu alipopanda mlima peke yake na mikono mitupu, akasimama uani kwa Kadushi, huku vijana wenye mapanga wakimzunguka. Kadushi akatoka ndani na mkuki. Shitungulu akainua macho akalitazama paa lililovuja, akasema: "Miaka sita yote, Kadushi, na bado hujajua kuezeka?" Nkwimba alikuwepo. Aliuona mkuki ukianguka. Aliwaona wazee wawili wameshikana mabega wakilia, na siku ya pili watu wa chini wakapanda na nyasi, wakaezeka, wakitukana tangu asubuhi hadi jioni.

* * *

Ijumaa saa nane Mzee Kadushi alitolewa kwenye baridi. Uwanja wa makaburi ulijaa. Viti vya plastiki vilipangwa mistari miwili, Wamlimani kushoto, Wabondeni kulia, ili wasigusane kwa bahati mbaya. Waziri wa Amani, Maridhiano, Michezo na Mifugo alikuwa amefika kutoka mji mkuu, naye alitoa salamu fupi za dakika hamsini.

"Kifo hiki," alisema Waziri, "ni cha kihistoria. Serikali yangu, kwa kushirikiana na wahisani, imekipokea kwa mikono miwili. Na ninaagiza vifo vingine vyote katika wilaya hii viige mfano huu."

Wasaidizi wake wakapiga makofi. Kisha akaitwa Mzee Shitungulu. Alisimama ukingoni mwa kaburi alilolichimba asubuhi ile bila kusema neno, amevaa fulana ya warsha, karatasi mkononi. Alianza kusoma kwa sauti ambayo hakuna aliyekuwa akiijua.

"Ndugu zetu wapendwa wa Mlimani. Majirani zetu waheshimiwa. Sisi watu wa Bondeni tunayatambua maumivu yenu. Marehemu alikuwa mtu mwadilifu, mwenye busara na bidii ya kazi..."

Upande wa kushoto, Bi Holo, bibi wa miaka karibu tisini ambaye macho yake yalikwisha zamani lakini masikio yalibaki mazima, aliinua kichwa.

"Nani anasema 'waheshimiwa'?" aliuliza.

"Ni Shitungulu, bibi," alijibu jirani yake.

"Shitungulu? Anamwita Kadushi mwenye bidii?"

Bi Holo hakuuliza tena. Alijifunga kanga kiunoni kwa nguvu, akapapasa fimbo yake, akasimama. "Wanangu," alisema, "chukueni watoto. Imeanza."

Mwanamke wa pili akasimama. Wa tatu akamfunga mtoto mgongoni. Upande wa kulia nako wakaona wenzao wanainuka, wakasema moyoni, kumbe wao wamekwisha kujua, sisi tunangoja nini, nao wakainuka. Hakuna aliyepiga kelele. Watu waliombana radhi wakipishana kati ya viti, "samahani jirani," "pita tu ndugu yangu," na kila radhi iliwaongezea watu kasi. Mwanamume mmoja alikuwa tayari amekwenda kumfungua mbuzi wake. Balozi, aliyesimama pembeni na kalamu, aliandika kwamba umati unatawanyika kwa utulivu na heshima ya hali ya juu.

Nkwimba aliuona uso wa Shitungulu. Mzee alikuwa bado anasoma, machozi yanadondokea karatasi, akiona watu wanamkimbia na asijue namna ya kuwaita. Aliona jeneza la baba yake limebaki peke yake kwenye magogo, na mbele yake yale maneno mazuri, yaleyale ya Lubango. Akaona hofu, kisha akaona hasira, na hasira ikatangulia. Alivua kofia ya buluu akaiweka kitini. Zahanati aliiwaza, msidhani hakuiwaza. Lakini alijua zahanati haitibu kile kilichokuwa kinakuja.

"Shitungulu!" alipiga ukelele uliofika kilimani. "Wee mla vyura!"

Watu wakasimama walipofika.

"Baba yangu amelala siku tano ndani ya friji, amekunywa baridi ambayo nyinyi Wabondeni mtaisikia kwa jina tu, halafu unakuja kumsomea barua? Tangu lini unajua kusoma? Miguu yako yenyewe haijajua kuvaa viatu! Au huko bondeni mmeishiwa midomo, mmewaazima vyura?"

Hata Waziri aliacha kula karanga.

Mzee Shitungulu aliishusha karatasi taratibu. Akaitazama kama anayeiona kwa mara ya kwanza, akapengea kamasi ndani yake, akaikunja akaitia mfukoni.

"Nani huyo anabweka?" alisema, na sauti ilikuwa imerudi. "Ah, ni mtoto wa Kadushi! Nilidhani mbuzi wenu amekohoa. Siku tano kwenye soda, na hakunywa hata moja? Huo ndio ujinga wa kwenu! Ningelazwa mimi humo, mngeifukia chupa tupu!"

Kicheko kilianzia kwa Bi Holo. Aliketi palepale chini, akacheka mpaka fimbo ikamdondoka. Kisha uwanja mzima ukalipuka. Wabondeni walivuka mstari wa viti, wakaviangusha, wakalibeba jeneza juujuu wakilalamika kwamba Kadushi amenenepa kwa maji ya chupa ya wageni. Shitungulu alitumbukia kaburini, akalala chali, akatangaza kwamba nafasi imejaa, marehemu akatafute kwingine. Wakamvuta kwa miguu. Akarudi. Wakamvuta tena. Wanawake walilia kwa sauti zote walizokuwa wamezizuia tangu Jumapili, na Nkwimba alilia kuliko wote. Alimlilia baba, akamlilia na Lubango ambaye zamu yake haikufika.

Balozi alimfikia, daftari mkononi, uso umemshuka. "Bibi Nkwimba," alisema, "tulikuwa tumefika karibu sana. Sasa niandike nini?"

Kabla hajajibiwa, Shitungulu alimwona kutoka shimoni.

"Na wewe mrefu! Umesimama hapo unangoja kuanikiwa nguo? Shika jembe!"

Wale walinzi wa kofia za buluu waliguna. Balozi alimtazama Nkwimba, Nkwimba akamwashiria kwa kidevu. Basi Balozi Anselmund, aliyewahi kulea amani katika nchi kumi na moja, alivua koti akashika jembe, kwa namna ambayo watoto wa Nyasubi wanaiigiza mpaka leo. Alifukia mpaka viganja vikatoka malengelenge. Walimwambia jembe halipapaswi, si mchumba. Walimwuliza, kwao huzika kwa kijiko? Mara mbili alionekana akicheka, ingawa katika ripoti yake aliandika tu kwamba alishambuliwa kwa maneno na hakupata madhara.

Ripoti ilikuwa ndefu. Nyasubi ilibaki nyekundu, na zahanati ikaondolewa kwenye mpango. Lakini mahali pekundu, kwa kanuni za Walezi, panastahili hospitali ya dharura, na wiki mbili baadaye ilikuja kwa malori sita, na madaktari watano, na vitanda arobaini. Ipo mpaka leo. Kila mwaka, ukaguzi unapokaribia, Wamlimani na Wabondeni hufanya mkutano na kukumbushana wajibu wao, na matusi ya msimu huo huwa ya daraja la juu.

Hayo ni ya baadaye. Ijumaa ile, watu walipokwisha kutelemka kwenda kula, Nkwimba alibaki kaburini. Mzee Shitungulu naye alibaki, ameketi juu ya jembe lake, fulana ya warsha imejaa udongo. Midomo ikaanza kumcheza.

"Binti Kadushi," alisema, na sauti ilikuwa ndogo. "Baba yako... katika dunia hii, mtu kama yule mimi sijapata—"

"Nyamaza, mzee," alisema Nkwimba. Alimshika mkono, ukiwa mkavu na mzito. "Tafadhali nyamaza. Usije ukatuletea vita."

Shitungulu alijifuta macho kwa kiganja chenye udongo, akajipaka uso mzima. Kisha akasimama, akalisogeza kwa mguu bonge moja la udongo lililokuwa limechomoza pembeni.

"Kaburi limepinda," alisema. "Hata kulala kwenyewe hajui."

"Kama mchimbaji," alisema Nkwimba, na wakaanza kutelemka pamoja.